Sayansi ya mazingira na namna inavyochunguzwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wanaoanza somo la mazingira, na wazazi wanaowasaidia, na watu wazima waliosikia taarifa kuhusu hewa, maji au joto la dunia wakabaki na shaka. Nimeyajibu kwa kukazia swali moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka: wamejuaje? Mambo ya kukariri husahaulika mtihani ukiisha. Aliyeelewa jinsi jambo lilivyogunduliwa na kuhakikiwa anaweza kupima hata dai jipya ambalo hakuwahi kufundishwa.

Sayansi ya mazingira inahusu nini hasa? Si ndiyo ikolojia?

Ikolojia ni sehemu yake. Jina hilo lilitolewa na mwanabiolojia Mjerumani Ernst Haeckel mwaka 1866, na kazi yake ni kuchunguza uhusiano wa viumbe hai wao kwa wao, na uhusiano wao na mahali wanapoishi. Sayansi ya mazingira ni pana zaidi. Inachota kutoka ikolojia, kemia, fizikia, jiolojia na elimu ya hali ya hewa, kisha inamweka binadamu ndani ya picha: anachotoa, anachotupa, na kinachomrudia.

Kutetea mazingira ni jambo la tatu. Anayepigania msitu usikatwe anatetea kitu anachokithamini. Anayepima udongo wa msitu huo anatafuta jibu, na jibu hilo atalikubali hata lisipompendeza. Wengi huwa watu wa aina zote mbili kwa pamoja, na hakuna ubaya, mradi kipimo kisomeke vilevile kwa anayeupenda msitu na kwa asiyeujali.

Mfumo ikolojia ni nini?

Ni viumbe wote wa mahali fulani pamoja na vitu visivyo hai wanavyovitegemea: maji, udongo, hewa, mwanga, joto. Aliyetoa jina hilo ni mtaalamu wa mimea Mwingereza Arthur Tansley, mwaka 1935. Mfumo unaweza kuwa bahari nzima au dimbwi moja. Mipaka huwekwa na mchunguzi kulingana na swali lake.

Ukitaka kuuelewa mfumo wowote, fuatilia vitu viwili. Cha kwanza ni maada, ambayo huzunguka: kaboni iliyo ndani ya jani leo inaweza kuingia mwilini mwa kiwavi, ikatoka kwa pumzi yake, ikaishia kwenye jani lingine. Bakteria na kuvu huozesha vilivyokufa na kurudisha virutubisho udongoni. Bila wao mzunguko ungekwama.

Cha pili ni nishati, nayo haizunguki. Huingia kama mwanga wa jua, mimea huikamata kwa usanisinuru, na kila inapopita kutoka kwa anayeliwa kwenda kwa mlaji, sehemu kubwa hupotea kama joto. Mara nyingi hutajwa kwamba takriban asilimia 10 tu ndiyo hujenga miili ya ngazi inayofuata, ingawa kiwango hicho hupanda na kushuka sana kati ya mfumo na mfumo. Hiyo ndiyo sababu wanyama wawindaji wakubwa huwa wachache popote walipo. Chini yao sharti pawe na walaji majani wengi, na chini ya hao mimea mingi zaidi.

Hesabu hii ya nishati ilipata sura yake kutokana na kazi ya Raymond Lindeman katika ziwa dogo lenye matope huko Minnesota, Marekani. Wapitiaji wa makala yake waliipinga mwanzoni kwa kuona ina nadharia nyingi kuliko vipimo. Ilichapishwa mwaka 1942, miezi michache baada ya yeye kufariki akiwa na miaka 26. Leo kila kitabu cha somo hili kina mchoro unaotokana na wazo lake.

Spishi moja ikiondoka, kweli mfumo mzima unaweza kubadilika?

Inategemea ni ipi. Robert Paine alijaribu jambo hilo kwa mikono yake katika miamba ya pwani ya jimbo la Washington, Marekani, kuanzia mwaka 1963. Kwenye kipande kimoja cha mwamba aliwaondoa viti vya pweza wote, wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, na kuwatupa baharini, tena na tena kila waliporudi. Kipande cha jirani hakukigusa. Kwenye kipande alichokigusa, kome ambao zamani walikuwa wakiliwa nao waliongezeka, wakatwaa nafasi yote na kuwasukuma wengine nje. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1966, spishi alizozihesabu zilikuwa zimepungua kutoka 15 hadi 8.

Kiti cha pweza hakikuwa kiumbe mwenye idadi kubwa kuliko wote pale, wala uzito mkubwa kuliko wote. Umuhimu wake ulionekana alipoondolewa. Angalia pia kile kipande cha jirani. Bila hicho, mtu angeweza kusema kwamba maji yalikuwa na joto mwaka ule, au dhoruba ilipita, na Paine asingekuwa na la kujibu.

Mbinu ya kisayansi ina hatua ngapi?

Shuleni huandikwa tano, sita au saba, na kwa mtihani zishike jinsi mwalimu alivyozitoa. Katika kazi yenyewe hazifuatani kwa unyoofu hivyo. Mtafiti huona jambo, hujiuliza, hutoa jibu la kubahatisha lenye sababu, ambalo huitwa nadharia tete, hukisia nini kitaonekana ikiwa jibu hilo ni sahihi, kisha huenda kutazama. Mara nyingi anachokiona humrudisha kwenye swali akaliuliza upya.

Ningetaka ushike hatua moja kuliko zote: kabla ya kupima, sema ni matokeo gani yatakuonyesha kwamba umekosea. Nadharia tete isiyoweza kukanushwa na tokeo lolote haijapimwa, hata ikifanyiwa vipimo elfu. Dai kwamba "mto huu umechafuka kwa sababu ya mambo mengi" haliwezi kushindwa. Dai kwamba "chini ya bomba la kiwanda oksijeni ya maji ni pungufu kuliko juu yake" linaweza kushindwa kesho asubuhi, na ndiyo maana lina faida.

Kwa nini kila jaribio linahitaji kitu cha kulinganishia?

Kwa sababu dunia haisimami kukusubiri. Mvua hunyesha, majira hugeuka, wadudu huja. Kama huna upande usioguswa, huwezi kutenganisha ulichokifanya wewe na kilichokuwa kije chenyewe.

Mfano bora ninaoujua ni Ziwa 226 kaskazini magharibi mwa Ontario, Kanada. Katika miaka ya 1960 maziwa mengi ya Amerika Kaskazini yalikuwa yakigeuka kijani kwa mwani. Mwani unapokufa na kuoza, bakteria hutumia oksijeni iliyo majini na samaki hufa. Wote waliona tatizo, ila walibishana kuhusu chanzo. Baadhi ya wanasayansi walishuku fosforasi inayotoka kwenye maji taka na sabuni za unga. Wengine, wakiungwa mkono na watengenezaji wa sabuni, walisema kinachoendesha mwani ni kaboni. Majaribio ya chupani yalitoa majibu yanayogongana, kwa kuwa chupa haibadilishani hewa na anga kama ziwa linavyofanya.

Ndipo David Schindler na wenzake wakachagua ziwa lenye umbo la namba nane. Mwaka 1973 waligawa ziwa hilo mara mbili kwa pazia zito la plastiki kwenye sehemu yake nyembamba. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia kaboni, naitrojeni na fosforasi. Maji ni yaleyale, jua lilelile, mvua ileile, na tofauti ni kitu kimoja. Upande wenye fosforasi ulijaa mwani ukawa kijani, wa pili ukabaki na rangi yake. Picha iliyopigwa kutoka angani ilieleweka hata kwa mtu ambaye hajawahi kusoma kemia, na ikatumika sana katika mijadala iliyosababisha fosfeti, yaani chumvi zenye fosforasi, kupunguzwa kwenye sabuni na kwenye maji taka yanayosafishwa.

Ukisoma habari ya utafiti wowote, tafuta pazia lake liko wapi. Walilinganisha na nini? Habari isipokwambia, bado hujaambiwa kitu cha kutegemea.

Mambo mawili yakitokea pamoja, si moja limesababisha lingine?

Huenda, na huenda sivyo. Mwani ukistawi na samaki wakafa wiki ileile, inawezekana mwani ndio uliowaua. Inawezekana pia kwamba joto kali na maji yaliyotulia yamefanya yote mawili: yamestawisha mwani, na yamepunguza oksijeni, kwani maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Kutokea pamoja ni sababu nzuri ya kuanza kuchunguza. Si sababu ya kuacha.

Tukio la Minamata, Japani, linaonyesha umbali kati ya kushuku na kujua, na gharama ya umbali huo. Ugonjwa wa ajabu wa mfumo wa fahamu ulitambuliwa rasmi huko mwaka 1956. Wagonjwa walikuwa walaji wa samaki wa ghuba ile, na paka waliokula samaki haohao walikuwa wakitetemeka na kufa. Kiwanda cha kemikali kilikuwa kikimwaga maji machafu baharini. Daktari wa hospitali ya kiwanda chenyewe, Hajime Hosokawa, aliamua kupima: mwaka 1959 alimpa paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda, na paka yule akaugua vilevile. Kampuni haikutaka matokeo hayo yatangazwe. Serikali ilikiri chanzo mwaka 1968, yaani zebaki iliyokuwa ikilimbikizana kutoka viumbe wadogo hadi samaki hadi binadamu. Katika miaka yote hiyo ya kati watu waliendelea kula.

Sisemi hili kupunguza uzito wa ushahidi wa awali. Pale ambapo maisha ya watu yako hatarini, kushuku kwenye msingi kunatosha kufunga bomba huku uchunguzi ukiendelea.

Dunia ni moja tu. Huwezi kuigawa kwa pazia. Sasa wanajuaje mambo ya tabianchi?

Hili ndilo swali zito kuliko yote katika ukurasa huu.

Jibu la kwanza ni kupima bila kuchoka. Machi 1958 Charles David Keeling alianza kupima kaboni dayoksaidi juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, mbali na miji na misitu, ili apate hewa iliyokwisha kuchanganyika. Mlima huo ni volkano, nayo hutoa gesi yake, kwa hiyo vipimo vinavyochukuliwa wakati upepo unatokea kwenye matundu ya volkano hutambuliwa na kuwekwa kando. Mwanzoni kiwango kilikuwa kama sehemu 315 katika kila milioni. Sasa kimepita 420. Mchoro wake hupanda na kushuka kila mwaka, kwa kuwa mimea ya kizio cha kaskazini hunyonya gesi hiyo inapochipua na kuiachia inapopukutika, lakini kila mwaka mstari mzima huwa juu kidogo kuliko uliopita. Mwanzoni mwa 1964 ukosefu wa fedha ulikatiza vipimo kwa muda, na pengo hilo bado linaonekana kwenye mchoro. Kazi ya namna hii hushindwa kuwavutia wafadhili, maana kipimo cha mwaka mmoja pekee hakisemi lolote. Thamani yake iko kwenye kutokatika.

Jibu la pili ni kumbukumbu zilizohifadhiwa na dunia yenyewe. Barafu ya Antaktika ina mapovu ya hewa ya kale. Barafu iliyochimbwa huko imewapa wanasayansi hewa ya hadi miaka 800,000 iliyopita, na katika muda wote huo kabla ya zama za viwanda, kiwango hakikufika sehemu 310 katika milioni.

Jibu la tatu, ambalo mimi hulipenda zaidi, ni kwamba kila mshukiwa huacha alama zake. Makaa ya mawe na petroli vimekaa ardhini mamilioni ya miaka, kwa hiyo kaboni-14, aina ya kaboni ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, imekwisha kabisa ndani yake. Moshi wake ukiingia angani, uwiano wa kaboni-14 hewani lazima ushuke. Hans Suess aliuona mshuko huo kwenye mbao za miti mwaka 1955. Vilevile, kama ni jua lililozidi kuwaka, anga lote lingepata joto, chini na juu. Vipimo vinaonyesha sehemu ya chini inapata joto huku stratosfia, iliyo juu yake, ikipoa. Hivyo ndivyo inavyotarajiwa pale gesi zinapozuia joto karibu na uso wa dunia.

Sehemu 420 katika milioni ni kidogo mno. Inawezaje kubadili joto la sayari?

Hewa ni naitrojeni kwa asilimia 78 na oksijeni kwa asilimia 21 hivi, na gesi hizo mbili huruhusu joto linaloondoka duniani kupita bila kulizuia. Wingi wao haubadilishi kitu kwenye suala hili. Kazi ya kunasa joto hufanywa na gesi chache kama mvuke wa maji, kaboni dayoksaidi na methani. Bila gesi joto hizo, wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya takriban 15 juu yake.

Haya hayakugunduliwa juzi. Mwaka 1856 Mmarekani Eunice Foote aliweka gesi mbalimbali kwenye mitungi ya kioo juani, akaona ule wa kaboni dayoksaidi ukipata joto kuliko mingine. John Tyndall alianza kupima unasaji huo wa joto maabarani mwaka 1859, na mwaka 1896 Svante Arrhenius akakokotoa kiasi ambacho joto lingebadilika gesi hiyo ikiongezeka au kupungua.

Hali ya hewa na tabianchi vina tofauti gani?

Hali ya hewa ni ya leo na wiki hii. Tabianchi ni mwenendo wa muda mrefu, na kwa kawaida hutumika wastani wa miaka 30. Siku moja ya baridi kali haikanushi ongezeko la joto, na siku moja ya joto kali hailithibitishi.

Tundu la ozoni ndilo linaloleta joto la dunia?

Hapana, ingawa huchanganywa sana. Ozoni ni gesi, na ile ya stratosfia huzuia mionzi ya jua aina ya urujuanimno inayodhuru ngozi na macho. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za klorofluorokaboni, zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, zingepanda juu, zikaachia klorini, na klorini ikaharibu ozoni. Mwaka 1985 Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin wakatangaza upungufu mkubwa wa ozoni juu ya kituo chao cha Antaktika, wakitegemea vipimo vilivyorudi nyuma hadi miaka ya 1950. Mkataba wa Montreal ulitiwa saini mwaka 1987, nchi zote za Umoja wa Mataifa zikauridhia baadaye, na tabaka hilo linapona polepole.

Kama ni nadharia, si maana yake haijathibitishwa?

Nadharia katika sayansi ni maelezo yaliyokwisha kupimwa kwa njia nyingi na yanayounganisha ukweli mwingi pamoja. Nadharia tete ikifaulu mara moja haijawa nadharia. Inahitaji kufaulu mikononi mwa watu wengine, kwa vyombo vingine, mahali pengine, wakiwemo wanaotamani ishindwe.

Kwa nini wanasayansi hawasemi kwa hakika? Kila mara "huenda", "takriban", "kati ya hiki na kile".

Kwa sababu kila kipimo kina ukingo wa makosa, na kuusema ni sehemu ya kusema kweli. Anayekupa namba bila ukingo amekuficha kitu, au hajui kwamba upo.

Kisa cha Clair Patterson kinafundisha hili vizuri. Alitaka kujua umri wa dunia kwa kupima madini ya risasi ndani ya vimondo, lakini namba zake zilikuwa zikiyumba. Alipotafuta kosa linatoka wapi, aligundua risasi imo kwenye meza, kwenye maji, kwenye vumbi, hata kwenye nywele za wafanyakazi. Akasafisha maabara kwa ukali usiokuwa wa kawaida wakati ule, na mwaka 1956 akachapisha umri wa miaka bilioni 4.55, huku akitaja ukingo wa miaka milioni 70 juu au chini. Angeweza kuishia hapo. Badala yake alifuatilia ile risasi iliyokuwa ikimharibia vipimo, akaonyesha kwamba nyingi ilitokana na viwanda na petroli iliyotiwa risasi, na akasimama imara dhidi ya kampuni zilizoitengeneza. Nchi ya mwisho kuuza petroli hiyo kwa magari ya kawaida, Algeria, iliacha mwaka 2021. Kilichoonekana kama usumbufu wa kipimo kilikuwa sumu iliyokuwa ikiingia kwenye damu ya watoto wa dunia nzima.

Je, inawezekana kufanya uchunguzi wa kweli bila maabara?

Ndiyo. Chukua swali hili: majani huoza haraka zaidi kwenye udongo wa kivulini au wa juani? Kusanya majani ya mti mmoja, yakaushe, yapime uzito, kisha yagawe sawasawa kwenye vifuko 10 vya wavu. Fukia 5 kivulini na 5 juani, kwa kina kimoja, na uweke alama kila kimoja. Kabla ya kufukia, andika unachotarajia na sababu yake.

Kisha jiulize ni vitu vingapi vinatofautiana kati ya sehemu hizo mbili. Jua huleta joto, lakini pia hukausha udongo. Kwa hiyo hata upande mmoja ukishinda, hujui kama ni kwa joto au kwa unyevu. Ukitaka kutenganisha, ongeza vifuko 5 vingine juani na uvimwagilie maji kila siku. Sasa una makundi matatu, na lile la tatu ndilo litakalokujibu.

Baada ya miezi miwili fukua vyote siku moja, pangusa udongo, kausha majani, pima tena. Vifuko vya kundi moja havitalingana, na tofauti hiyo ya ndani ndiyo ukingo wako wa makosa: makundi mawili yakitofautiana kidogo kuliko vifuko vya kundi moja vinavyotofautiana vyenyewe, bado hujaona tofauti. Kifuko kilichopotea au kuliwa na mchwa kiandike hivyohivyo kwenye daftari, pamoja na tarehe.